Route 66 kwa Gari: Mwongozo Kamili wa Safari ya Chicago hadi Santa Monica

Ukifungua ramani ya leo ya Marekani ukaitafuta Route 66 kama mstari mmoja kutoka Chicago hadi Pasifiki, hutaipata. Barabara hiyo ilisajiliwa tarehe 11 Novemba 1926 na kufutwa rasmi mwezi Juni 1985, baada ya haiwei mpya (barabara kuu za mwendo kasi) kupita kando ya mji mmoja baada ya mwingine. Vilivyobaki ni vipande. Vingine vinakwenda zaidi ya kilomita mia mbili bila kukatika, na vingine vinaishia kwenye seng'enge baada ya mita mia tatu. Kushika usukani ndiyo sehemu rahisi ya safari hii. Ugumu uko katika kujua pa kuiacha haiwei, pa kuirudia, na kipande kipi cha kupita mbali. Mwongozo huu umepangwa kwa hesabu hiyo.

Umbali, siku na majira

Urefu wa mwanzo ulikuwa maili 2,448, karibu kilomita 3,940, katika majimbo manane: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Kansas ina maili 13 tu. Ukijumlisha kupotea njia, kurudi nyuma na mchepuko mmoja wa Grand Canyon, weka hesabu ya maili 3,000. Saluni inayokwenda maili 30 kwa galoni itakunywa galoni 100, yaani lita 380 hivi. Chukua bei ya wastani ya galoni, zidisha kwa 100, hiyo ndiyo bajeti yako ya mafuta.

Tenga siku 16. Siku 14 zinatosha ukiacha Santa Fe na Grand Canyon. Wanaojaribu kwa siku nane huishia kuendesha kwenye haiwei na kuingia mjini kupiga picha ya kibao tu, na kwa nauli ya kuvuka bahari hiyo ni hasara. Kwenye barabara ya zamani mwendo wa wastani, ukihesabu taa na miji midogo, ni kama kilomita 55 kwa saa. Kilomita 320 ni siku nzima ya kazi. Ukiwa na wiki moja tu, shuka Albuquerque, chukua gari hapo na umalizie Santa Monica. Nusu ya magharibi ndiyo yenye vipande virefu visivyokatika.

Majira mazuri kuliko yote ni Septemba hadi katikati ya Oktoba. Aprili hadi Juni ni msimu wa tufani kali za kimbunga na mvua ya mawe Missouri, Oklahoma na kaskazini mwa Texas. Julai na Agosti jangwa la Mojave hupita nyuzi 43 za Selsiasi, na Arizona hupata mvua za ghafla zinazofurika mabonde makavu kwa dakika chache. Wakati wa baridi Flagstaff, iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,100, hupata theluji nzito, na makumbusho mengi madogo hufungwa au hupunguza saa. Mwaka 2026 barabara inatimiza miaka 100, kwa hiyo moteli maarufu zinahitaji kuwekewa nafasi miezi kadhaa kabla.

Endesha kutoka mashariki kwenda magharibi, kama walivyokwenda wakulima wa Oklahoma na Texas waliokimbia ukame na vumbi miaka ya 1930. Tatizo lake ni jua: kuanzia saa kumi alasiri linakupiga usoni. Ondoka saa moja asubuhi, fika moteli saa kumi, basi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na majirani zao wanahitaji viza ya matembezi, B1/B2. Masharti yake yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi wa Marekani ulioko nchini mwako kabla hujalipia chochote kisichorudishiwa pesa. Beba leseni yako halisi pamoja na leseni ya kimataifa ya udereva kutoka chama cha magari cha nchi yako. Leseni ya kimataifa peke yake haitoshi, kwa kuwa ni tafsiri tu ya ile halisi. Kampuni ya kukodisha itataka zote mbili, pasipoti, na kadi ya mkopo yenye jina lile lile lililo kwenye pasipoti. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa, au ikubaliwe huku kiasi kikubwa cha pesa kikizuiliwa hadi urudishe gari. Dereva mwenye umri chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza ya kila siku.

Unapolinganisha bei, angalia ada ya kuchukua gari mji mmoja na kulirudisha mji mwingine. Kampuni moja huitoza mara tatu ya nyingine, na mara nyingi huoni kiasi hicho mpaka ukurasa wa mwisho. Bima ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Moja hukuondolea gharama ya gari ulilokodi likiharibika au kuibwa. Nyingine hulipa watu na mali utakazoziumiza. Zote mbili ni lazima kwa mgeni, maana kiwango cha chini cha bima kinachowekwa na sheria za majimbo hakifiki popote ajali ikihusisha majeruhi. Nunua pia bima ya matibabu ya safari. Hospitali za Marekani hazina huruma ya bei.

Gari linalofaa ni saluni ya kati au SUV ndogo. Huhitaji gari la magurudumu manne ya kuvuta, kwa sababu mikataba mingi ya kukodi inakataza barabara za udongo hata kama gari linaziweza. Nyumba ya magurudumu itakunyima kipande kizuri kuliko vyote: magari yenye urefu wa zaidi ya futi 40, yaani mita 12, hayaruhusiwi kupanda mlima wa Oatman.

Siku ya kuchukua gari usiondoke kwenye maegesho kabla ya kufanya haya. Fungua buti uone kama kuna tairi la akiba, jeki na spana. Magari mengi mapya yana chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu tu, na dawa hiyo haifanyi kazi tairi likichanika ubavuni. Ukiweza, omba gari lenye spea. Soma kibandiko cha upepo kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva na ununue geji ndogo. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama kwa dakika kumi. Kikianza kutoa hewa ya joto, badilisha gari hapo hapo. Piga picha pande zote nne, paa, kioo cha mbele na dashibodi inayoonyesha maili.

Kwa waliozoea kushoto

Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaweza kuruka hapa. Mtanzania, Mkenya na Mganda anahitaji kanuni moja: dereva akae daima upande wa mstari wa katikati ya barabara. Ukijikuta mwili wako uko upande wa majani, umepotea njia. Makosa hayatokei kwenye haiwei. Hutokea unapotoka sheli au maegesho ya moteli asubuhi, barabara ikiwa tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Kona ya kulia ni fupi, ya kushoto ni pana na unapisha wanaokuja.

Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kupinda kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Kwenye makutano yenye alama ya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza huondoka kwanza. Mkifika pamoja, aliye kulia kwako anatangulia. Basi la njano la shule likiwasha taa nyekundu za kumetameta, magari ya pande zote mbili husimama, ila pale palipo na kizuizi katikati ya barabara. Ukikuta gari la polisi au la wagonjwa limesimama pembeni, hamia mstari wa mbali au punguza mwendo. Vibao vyote ni vya maili: 55 ni kilomita 88, na mji mdogo unaweza kukushusha hadi 25 ndani ya mita mia mbili. Hapo ndipo askari hukaa.

Polisi akiwasha taa nyuma yako, sogea kulia, simama, zima injini, shusha kioo, weka mikono juu ya usukani. Usishuke kumfuata kama tunavyofanya nyumbani, wala usiingize mkono kwenye droo ya dashibodi kabla hajakuambia. Mwambie kwanza nyaraka ziko wapi, ndipo uzitoe.

Kwenye pampu ya mafuta unalipa kwanza. Mashine itaomba namba ya posta ya tarakimu tano na kuikataa kadi ya kigeni. Ingia ndani, taja namba ya pampu na kiasi. Soma maandishi, usifuate rangi: mpini wa kijani mara nyingi ni dizeli. Kwenye miinuko ya magharibi utaona petroli ya oktani 85 au 86 kwa bei nafuu. Kitabu cha gari kikisema 87, weka 87.

Kuisoma njia

Ramani ya simu itakurudisha haiwei kila mara, kwa kuwa imeundwa kutafuta njia ya haraka. Fanya hivi: kila jioni gawa siku inayofuata katika vituo vinane hadi kumi vilivyo karibu karibu, kila kimoja kikiwa juu ya barabara ya zamani, na uchague chaguo la kuepuka haiwei na ushuru. Pakua ramani za kutumia bila mtandao kwa majimbo yote manane. Pamoja na hayo nunua kitabu cha njia cha kona kwa kona; vinauzwa kwenye maduka ya makumbusho kuanzia Illinois.

Vibao vya rangi ya kahawia vya njia ya kihistoria ni msaada mzuri lakini huibwa na watalii, hivyo kukosekana kwake si ushahidi kwamba umepotea. Illinois huandika miaka kwenye vibao, kwa sababu njia ilihamishwa mara kadhaa na pengine kuna Route 66 mbili au tatu zinazokwenda sambamba. Mbili zikigawanyika, chagua iliyo ya zamani zaidi kama ina lami au zege, na iliyo mpya zaidi kama ya zamani ni ya udongo. Oklahoma ndiyo rahisi kuliko zote: sehemu kubwa kati ya mpaka wa kaskazini mashariki na Oklahoma City bado ina namba 66 kama barabara ya jimbo. Haiwei za Turner na Will Rogers zinazokwenda sambamba nayo ni za kulipia, hazipokei pesa taslimu, na kampuni ya gari itakutumia bili yenye ada yake juu. Baki kwenye 66, ni ya bure na nzuri zaidi.

Illinois, Missouri na Kansas

Kibao cha mwanzo kiko Adams Street karibu na Michigan Avenue, katikati ya Chicago. Mwanzo wa asili ulikuwa Jackson Boulevard, lakini Jackson sasa inakwenda mashariki tu. Anza Jumapili saa moja asubuhi, mji ukiwa umelala. Fuata Adams kuelekea magharibi hadi Ogden Avenue, pinda kushoto, pita Cicero na Berwyn, kisha Joliet Road. Kipande cha McCook kimefungwa kwa sababu machimbo ya mawe yaliidhoofisha barabara, fuata mchepuko. Utaingia haiwei ya I-55 kwa muda mfupi, kisha Route 53 kupitia Joliet, Wilmington na kuendelea Dwight. Simama Odell uone kituo cha mafuta cha 1932 kilichorekebishwa, na Pontiac uingie makumbusho. Lala Springfield, mji wa Abraham Lincoln. Ni kama kilomita 330.

Siku ya pili ni fupi. Karibu na Auburn kuna zaidi ya kilomita mbili za matofali mekundu yaliyotandikwa mapema miaka ya 1930 juu ya zege la zamani. Mvua ikinyesha yanateleza. Shuka hadi maili 25 kwa saa. Daraja la Chain of Rocks juu ya Mississippi, lililofunguliwa 1929, linapinda katikati ya mto na sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Livuke, lakini usiache begi garini, kwa maana vioo huvunjwa kwenye maegesho yale.

Missouri ina vilima na kona, na I-44 imeifuata 66 karibu sana. Sehemu za kutokosa ni Cuba yenye michoro ukutani, na Devil's Elbow na daraja lake la chuma la mwaka 1923. Springfield ya Missouri ndiko ilikotoka simu ya maandishi ya tarehe 30 Aprili 1926 iliyopendekeza namba 66. Baada ya Joplin unaingia Kansas. Usiipite kwa haraka kwa kuwa ni fupi. Kabla ya Baxter Springs kuna Rainbow Bridge, daraja la matao ya zege la 1923, la mwelekeo mmoja.

Oklahoma na Texas

Kati ya Miami na Afton kuna kipande cha upana wa futi tisa, sawa na mita 2.7, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kingo zake ni changarawe na mashimo. Kiangazi kipite kwa maili 15. Baada ya mvua kiache, utazama kwenye tope ukimpisha mwenzako.

Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa, ndiye aliyeshinikiza barabara ipite mjini kwake. Ukiwa Tulsa nenda Greenwood, mtaa wa Weusi ulioteketezwa tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Msafiri Mwafrika anapaswa kuijua historia hii ya njia yenyewe: kwa miongo mingi moteli, migahawa na vituo vya mafuta vingi vya Route 66 vilikataa Weusi, na miji mingine iliwataka waondoke kabla ya jua kuzama. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, tarishi wa New York, alianza mwaka 1936 kuchapisha orodha ya mahali salama pa kulala na kula. Kituo cha mafuta cha familia ya Threatt karibu na Luther, kati ya Chandler na Arcadia, kilimilikiwa na Weusi na kilikuwa mojawapo ya mahali ambapo msafiri Mweusi alipokelewa kama mtu. Jengo lake la mawe bado lipo. Pa kusimama ni hapo, hata kama sanamu ya nyangumi wa buluu wa Catoosa, kabla ya Tulsa, imeshakula nafasi ya simu yako, na kabla ya ghala la duara la Arcadia la 1898 kuimaliza.

Magharibi ya Oklahoma City utaendesha juu ya zege la miaka ya 1930, tairi zikigonga kila kiungo. Baadhi ya vipande vina ukingo ulioinuka pembeni. Ulikusudiwa kuongoza maji, lakini huyazuia juu ya barabara, hivyo mvua ikinyesha gari huelea. Daraja refu la mto South Canadian lina fremu 38 za chuma. Punguza mwendo uzihesabu. Clinton ina makumbusho bora kuliko yote ya njia hii, na yanastahili saa mbili. Lala Shamrock, Texas, uone taa za kituo cha U-Drop Inn cha 1936 zikiwaka jioni.

Kati ya Alanreed na Groom kuna kipande cha Jericho, ambacho kabla ya kuwekwa lami kilikuwa tope jeusi la kunasa magari, na wakulima wakilipwa kuyavuta. Bado ni udongo, na bado hunasa. Gari la kukodi lisiingie. Upepo wa ubavuni hapa hausimami. Shika usukani kwa mikono miwili unapopita lori kubwa. Magari kumi yaliyozikwa pua chini Cadillac Ranch yako hapo tangu 1974, wageni wakiruhusiwa kuyapaka rangi. Ondoka na makopo yako. Adrian ni katikati ya safari: maili 1,139 kila upande, kwa hesabu ya njia ilivyofupishwa baadaye. Glenrio, kwenye mpaka, ni mji uliohamwa. Njia ya asili kutoka hapo hadi San Jon ni changarawe, kwa hiyo ingia I-40. Rudisha saa nyuma kwa saa moja.

New Mexico na Arizona

Tucumcari ilale usiku, kwa ajili ya taa za neoni. Katika Santa Rosa unaweza kuogelea Blue Hole, maji ya nyuzi 16 mwaka mzima. Hapo njia inagawanyika. Kabla ya 1937 Route 66 ilipanda kaskazini hadi Santa Fe. Gavana Arthur Hannett aliposhindwa uchaguzi wa 1926 aliamuru ikatwe barabara ya kwenda moja kwa moja magharibi, na Santa Fe ikaja kuachwa nje. Mwenye siku 16 apande Santa Fe. Usijaribu kilima cha La Bajada kwa gari la kawaida. Teremka kwa I-25. Albuquerque njia hizo mbili zinakatana Central Avenue na 4th Street, mahali ambapo Route 66 inajivuka yenyewe.

Kutoka hapo hadi Gallup unapita ardhi za wenyeji wa asili wa Marekani: Laguna, Acoma na Wanavajo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu, nyumba au makanisa. Baadhi ya vijiji vinakataza kabisa. Kuhusu saa: Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini Wanavajo hubadilisha. Ukiweka nafasi ya kitu, uliza ni saa ya nani.

Petrified Forest ndiyo hifadhi ya taifa pekee yenye kipande cha Route 66 ndani yake, kilichotiwa alama ya gari la Studebaker la 1932. Usiokote hata kipande kidogo cha mti uliogeuka jiwe. Ni kosa la jinai. Holbrook ina moteli ya vyumba vya umbo la hema, iweke mapema. Moteli nyingi kutoka hapa hadi California ziko kando ya reli ya mizigo na treni hupita usiku kucha. Omba chumba cha upande wa pili.

Williams ndio mji wa mwisho kupitwa na haiwei, tarehe 13 Oktoba 1984. Tenga siku moja ya Grand Canyon ukilala hapo. Ni kama kilomita 97 kaskazini. Kisha jiandae kwa kipande bora cha safari nzima. Toka I-40 kwenye njia ya kutokea namba 139, Crookton Road, na kwa takriban kilomita 250 hutahitaji kurudi haiwei isipokuwa kwa sekunde chache. Seligman ndiko kinyozi Angel Delgadillo na wenzake walikoanzisha chama cha kuitetea barabara mwaka 1987, miaka tisa baada ya mji wao kupitwa na haiwei. Bila wao vibao vya leo visingekuwepo. Endelea Peach Springs, ardhi ya Wahualapai, kisha Hackberry na Kingman.

Jaza tangi Kingman, kwa sababu mafuta ya California ni ghali zaidi na ya jangwani ni ghali kupindukia. Toka I-40 kwenye njia namba 44 na upande Oatman Road. Kilele cha Sitgreaves kiko mita 1,080 hivi, barabara ni nyembamba na haina kingo za chuma. Panda kwa maili 15 hadi 20 kwa saa, na ukiteremka uwapishe wanaopanda. Zamani magari ya Ford Model T yalipanda milima ya namna hii kinyumenyume, kwa kuwa petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu na gia ya nyuma ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Kuteremka tumia gia ndogo, uguse breki kwa vipindi. Breki zikinuka, simama zipoe dakika ishirini. Punda wa Oatman ni uzao wa punda wa wachimba dhahabu, wanalindwa na sheria, na wanauma. Usiwalishe.

Mojave na mwisho wa njia

Maliza matunda yako kabla ya Needles, kwa kuwa kuna ukaguzi wa mazao mpakani. Lala hapo na uondoke saa kumi na mbili asubuhi. Beba lita nne za maji kwa kila mtu, na nyingine nne za ziada. Barabara ya jangwani, National Trails Highway, ina madaraja mengi ya mbao yaliyoharibiwa na mafuriko, na vipande hufungwa kwa miaka. Angalia tovuti ya kaunti ya San Bernardino jioni ya kabla. Ikiwa imefungwa, baki I-40 hadi njia namba 78, Kelbaker Road, teremka kusini hadi barabara ya zamani, kisha pinda magharibi kufika Amboy. Usizunguke kizuizi. Simu haishiki, na hakuna gari litakalopita nyuma yako.

Barstow hadi San Bernardino kunakamilisha siku. Kutoka hapo Foothill Boulevard ina taa mamia, hivyo siku ya mwisho ni polepole. Barabara ya Arroyo Seco kati ya Pasadena na Los Angeles, ya 1940, ina maingilio mafupi mno yenye alama ya kusimama: subiri nafasi kubwa, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Kibao maarufu kiko kwenye gati la Santa Monica, lakini kiliwekwa 2009. Mwisho rasmi ulikuwa Lincoln na Olympic Boulevard. Pita kote kuwili.

Yanayoharibika na sababu zake

Taa ya upepo wa tairi ikiwaka asubuhi Flagstaff au Santa Fe, mara nyingi si pancha. Upepo hupungua kama PSI moja (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazoshuka. Pima tairi zikiwa baridi na uongeze. Ikiwa moja tu imeshuka, hapo ndipo utafute msumari.

Gari likichemsha kwenye mlima, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote, tafuta pa kusimama. Usifungue kifuniko cha rejeta kwa angalau nusu saa. Maji yaliyobanwa hutoka kama mvuke na kuunguza uso.

Dhoruba ya vumbi ikikukuta Arizona, toka nje kabisa ya lami, simama, zima taa zote na uondoe mguu kwenye breki. Ukiacha taa za nyuma zikiwaka, anayekuja atadhani unaendelea na atakufuata hadi akugonge. Maji yakipita juu ya barabara, geuza. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi huinua gari dogo. Tufani ikitangazwa Oklahoma, ingia kwenye jengo imara. Usijifiche chini ya daraja, kwa kuwa upepo hubanwa pale na kuongezeka nguvu. Gari likifa jangwani, baki nalo na ukae kivulini mwake. Waokoaji huona gari kabla ya kumwona mtu.

Siku ya kurudisha, jaza mafuta ndani ya maili kumi kutoka ofisini na utunze risiti. Piga picha zile zile za siku ya kwanza na dashibodi, dai karatasi iliyotiwa saini kwamba gari limepokelewa, na usiifunge kadi yako kwa miezi miwili, maana bili za ushuru wa barabara na faini za kamera hufika baadaye.